Wake wa wanamgambo waliimba nini?

Coventry, mji wa Uingereza ninakoishi, ilichomwa kwa mabomu ya Wajerumani usiku wa 14 Novemba 1940. Wazee wa hapa bado wanaziimba nyimbo za vita ile, na zile wanazozipenda zaidi hazina bunduki ndani yake. Wimbo wa Vera Lynn wa mwaka 1939 unasema tu kwamba tutaonana tena, haijulikani wapi wala lini. Adui hatajwi. Corona ilipowafungia watu ndani mwaka 2020, Malkia Elizabeth alifunga hotuba yake kwa ahadi hiyohiyo, na nchi nzima ikajua ameitoa wapi.

Sisi tuliozaliwa Mwanza baada ya Vita vya Kagera, vita ya Tanzania dhidi ya Uganda ya Iddi Amin, tulirithi wimbo wa namna nyingine kabisa. Alfajiri, mchakamchaka, vumbi la Nyakato, mwalimu wa zamu nyuma yetu na fimbo, nasi tunaapa kwamba Iddi Amin akifa hatutalia, tunamtupa Kagera awe chakula cha mamba. Tuliimba kwa nguvu zote, na nduli mwenyewe hatukuwahi kumwona.

Siudharau wimbo ule. Mwalimu Nyerere alipotangaza Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, nchi ilihitaji hasira, na redio ya taifa, RTD, ikaifikisha hasira hiyo hadi vijijini. Vijana waliotoka kulima pamba wakaingia mgambo, na Aprili 1979 majeshi yetu yakawa Kampala. Watu hawafiki huko kwa nyimbo za majonzi.

Lakini vita haikuwa ya waliokwenda peke yao. Mwanza nayo ilishambuliwa: ndege ya Libya, mshirika wa Amin, ilikuja kutafuta matangi ya mafuta, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala na ndege wa hifadhi. Watoto wangapi wa Kirumba wanaijua habari hiyo, na kisiwa wanakiona kila siku?

Na mama wa Magu, mwanawe alipopanda lori la mgambo, aliimba nini akipalilia peke yake? Wasukuma wana wimbo wa jembe, wa ng'ombe, wa harusi; vyama vyao vya ngoma, Bagalu na Bagika, hushindana kwa nyimbo mchana kutwa. Siamini kwamba watu hao walinyamaza mwaka ule. Waliimba, ila hakuna aliyewapelekea kinasa sauti. Tukabaki na sauti ya askari tu, na kila 25 Julai tunaweka mashada kwa mashujaa bila kusikia neno la aliyekuwa akiwasubiri. Hilo linaniuma kuliko yote ninapowasikiliza wazee wa Coventry.

Ndugu zangu mlioko Sengerema, Ukerewe, Misungwi: mwenye bibi aliyeachwa na mume au kaka aliyekwenda Kagera, mwekee simu mbele yake aimbe alichokuwa akiimba, kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Muulize alikitunga nani, na waliokuwa wakikiitikia walikuwa akina nani. Fanyeni mwaka huu.