Nyanya zangu wanakula watu gani?

Mwezi uliopita mama mmoja, mkulima wa nyanya kutoka vijiji vya juu huku Arumeru, aliingia dukani kwetu na chupa tupu. Ilikuwa chupa ya klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, ya lita moja, yenye ukanda wa njano chini ya lebo. Ameisuuza, ameifunga kwenye kipande cha kanga. Hakuja kununua. Aliiweka juu ya kaunta akaniambia: "Mwanangu, kijana wangu ameajiriwa kwenye shamba la maharage machanga, yale ya kupelekwa nje. Anasema ukikutwa na hii dawa getini, kazi huna. Mimi naipiga kwenye nyanya mwaka wa ngapi huu. Sasa nyanya zangu wanakula watu gani?"

Nauza pembejeo, na kilimo nimekisomea. Nilimweleza habari za masharti ya wanunuzi wa Ulaya na viwango vya mabaki ya dawa kwenye mazao. Alinisikiliza kwa adabu, akakunja kanga yake, akaondoka. Nilichomwambia kilikuwa kweli, lakini swali lake sikuligusa.

Nimekaa na swali hilo. Klopirifosi ndicho kiambato amilifu cha ile chupa, yaani kile chenyewe kinachomuua mdudu. Kilichobaki ndani ni viyeyusho na vichanganyo vya kukibeba. Iliingia sokoni mwaka 1965. Inafanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe kwenye neva, hivyo neva za mdudu zinawaka bila kuzimika mpaka anakufa. Kimeng'enya hicho hicho tunacho na sisi. Ndiyo maana mtu aliyepiga dawa bila kinga anarudi nyumbani kichwa kinamgonga, jasho linamtoka, tumbo linamsokota, na watu wanasema kachoka na jua.

Umoja wa Ulaya uliikubali klopirifosi kuanzia Julai 2006, kwa miaka 10. Kwa sheria yao, kibali cha kwanza cha kiambato kwa kawaida hakizidi miaka 10, na muda ukikaribia kuisha, mwenye dawa anaandaa upya jalada, yaani mkusanyiko wa tafiti za dawa hiyo. Nchi moja inapewa kulichambua, kwa klopirifosi ilikuwa Hispania. Kisha Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, yenye makao yake Parma, Italia, inalipitia pamoja na wataalamu wa nchi nyingine, halafu nchi wanachama zinapiga kura. Kazi ilichelewa, kibali kikawa kinaongezwa mwaka baada ya mwaka mpaka Januari 2020. Kwa hiyo hata huko saa iliwapita, nami sisemi haya ili tuwasujudie.

Kilichonigusa ni namna ukweli ulivyotoka. Mwaka 1998 ulikabidhiwa utafiti wa panya wenye mimba, uliogharamiwa na mtengenezaji, kuangalia kama dawa inadhuru ubongo wa watoto wao. Muhtasari wake ulisema hakuna tatizo la pekee kwa watoto, na wakaguzi wakaenda na muhtasari. Miaka 20 baadaye, mwaka 2018, watafiti watatu, Axel Mie, Christina Rudén na Philippe Grandjean, walizichukua takwimu ghafi za utafiti ule ule na kuzihesabu upya. Wakakuta sehemu ya nyuma ya ubongo wa watoto wa panya ilikuwa imepungua kimo hata kwenye dozi ndogo kuliko zote. Hawakupima panya mpya hata mmoja. Jibu lilikuwa limelala kwenye karatasi muda wote huo.

Agosti 2019 mamlaka ya Parma ikatangaza kwamba haiwezi kuweka kiwango chochote ambacho mtu anaweza kukipata akawa salama: kulikuwa na mashaka ya kuharibu vinasaba, na ushahidi wa madhara kwa ubongo wa mtoto unaokua. Kibali hakikurudishwa. Kuanzia Novemba 2020 mabaki yanayoruhusiwa kwenye chakula yalishushwa hadi miligramu 0.01 kwa kilo. Piga hesabu: ni miligramu moja kwenye gunia la kilo 100. Hapo ndipo getini kwa kijana wa yule mama pakawa pakali.

Sasa, wapo wanaharakati wanaosema tuchukue orodha ya Ulaya, kila kilichokataliwa kule kipigwe marufuku hapa kesho asubuhi. Siwaungi mkono, na sababu yangu iko kwenye hesabu za Ulaya wenyewe. Walipomaliza kupitia upya viambato vyao vya zamani mwaka 2009, kati ya takriban 1,000 vilipita kama 250. Lakini theluthi mbili hivi viliondoka kwa sababu jalada halikuletwa, halikukamilika au wenye dawa walijitoa. Vilivyochunguzwa vikakutwa na hatari ni kama 70. Kwa hiyo "Ulaya wameikataa" inaweza kumaanisha sumu imethibitika, na inaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyeona faida ya kulipia tafiti. Kwa mkulima haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, alipoingia kwenye mashamba yetu niliona watu wakichanganya dawa tatu, nne kwenye bomba moja, vifuniko vinapimwa kwa macho, mama mjamzito anashika ndoo. Ukiondoa dawa bila kumwachia mkulima njia nyingine, hiyo ndiyo njia atakayorudia.

Ninachodai ni sababu. Mamlaka yetu ya Afya ya Mimea na Viuatilifu hutoa orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa, na naitumia: jina la dawa, kiambato, namba, zao na mdudu wake. Ni kazi ya maana. Ila orodha hainiambii kiambato kilipimwa kwa ushahidi upi, nani aliusoma, na ulipotokea ushahidi mpya nani aliufungua tena. Ulaya walijifunza kwa uchungu: tangu Machi 2021 sheria yao inataka tafiti zinazoletwa kuombea kibali ziwekwe wazi mapema, kila anayetaka azichunguze. Hilo ndilo la kuiga. Mvuke wa dawa tunavuta sisi, basi na majalada tuyasome. Na muhtasari wake uwe kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, ubandikwe kwenye kila duka la pembejeo, ofisa ugani aweze kuusoma mbele ya kikundi.

Kiambato kama klopirifosi hakina haja ya kusubiri hata hayo. Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali sumu zinazodumu kwenye mazingira, ziliiingiza kwenye kundi la kemikali za kukomeshwa duniani, ingawa zimeacha milango kadhaa ya muda kwa matumizi fulani. Nisingependa tuishi kwenye milango hiyo. Zao linalokwenda uwanja wa ndege linapimwa kwa miligramu, na zao linalokwenda Soko la Kilombero, hapa Arusha mjini, linapimwa kwa ndoo. Wote tunaona tofauti hiyo na tumeizoea.

Yule mama alirudi Jumanne. Safari hii nilimwomba akae, nikamsimulia habari ya panya na karatasi zilizolala miaka 20. Akanyamaza kidogo, akauliza kama watoto waliokuwa wakicheza shambani wakati anapiga dawa wanaweza kupimwa mahali. Nikamwandikia jina la hospitali ya wilaya na jina la kiambato kwa herufi kubwa, ili daktari asihangaike. Alikikunja kile kikaratasi mara nne, akakitia kwenye pindo la kanga.