Breki za Seli na Shangazi Asiyetajwa

Dereva anayeshuka mlima Kitonga na lori la mahindi anaitegemea breki. Mwilini nako kuna jeni za kazi hiyo, zinazotukinga na saratani, ikiwamo ya titi: ile iitwayo TP53 huisimamisha seli iliyoharibika isiendelee kujigawa. BRCA1 na BRCA2 ni mafundi kuliko breki, maana huunga vinasaba vilivyokatika. Kila moja tunayo nakala mbili, ya baba na ya mama. Aliyerithi nakala moja mbovu amebakiwa na moja tu, nayo ikiharibika ndani ya seli ya titi, titi hilo liko mteremkoni kuelekea saratani.

Wapo wanaosema kwetu Nyanda za Juu Kusini kusaka jeni hizi ni anasa. Wana hoja. Saratani za matiti za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100, na wanawake wengi nchini hufika hospitali uvimbe umekwishakomaa. Mama wa Makete anataka kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe wake kipimwe na majibu yarudi upesi, na pengine nauli ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Ukimwambia binti yake ana jeni mbovu halafu hakuna wa kumfuatilia, umempa hofu tu (na wakwe watarajiwa umewapa la kusema).

Lakini Mary-Claire King, mtafiti wa jeni wa Marekani, alipoonyesha mwaka 1990 kwamba BRCA1 iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 17, alizifuata familia 23 zenye wagonjwa 146 wa saratani ya titi. Aliuliza habari za ukoo. Hilo nasi tunaliweza: msibani Uhehe au Unyakyusa, mzee hupanga vizazi vitatu bila daftari. Tatizo ni kile anachokiruka. Shangazi aliyekufa na kidonda cha titi husemwa alirogwa, na upande wa baba hauulizwi kabisa, ingawa baba humpitishia binti jeni hiyo kwa uwezekano uleule wa mama, nusu kwa nusu.

Isitoshe, kumbukumbu nyingi za jeni duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika akipimwa, mara nyingi zaidi huambiwa ana badiliko la jeni ambalo maana yake haijulikani. Tukisema tungoje, jibu hilo litabaki hivyohivyo.

Kwangu mimi, fedha ya kwanza iende maabara ya kinyama; hapo siwapingi. Ila faili lilelile la kliniki liwe na mistari miwili isiyogharimu kitu: nani aliugua kwa mama, nani kwa baba. Wagonjwa wenye umri chini ya miaka 40, au wenye ndugu wawili waliougua, ndio wapimwe jeni kwanza.