Wikio kati ya seva mbili

Aliyetembea vichochoro vya Lamu ameona wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia na kuunga nyumba mbili. Wa ndani hutoka nyumba hii wakaingia ile bila kukanyaga nje. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kila nikiitwa kuunganisha domeni ya zamani na mpya (domeni ni kundi la akaunti na kompyuta za ofisi zinazosimamiwa pamoja na seva), picha inayonijia ni hiyo. Ila nyumba zangu si za ndugu.

Ofisi moja hapa mjini ina domeni ya zamani iliyo juu ya Windows Server 2003, mfumo wa kuendeshea seva, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Julai 2015. Mpya ni ya 2019. Mzee wa uhasibu alinishika mkono: "Mwanangu, ile usiizime. Mna faili za miaka yote." Akaunti za wafanyakazi ziko kwenye mpya, faili ziko kwenye ya zamani.

Kuziunganisha ni kuweka uhusiano wa kuaminiana, domeni moja iwakubali watu wa nyingine, na hapo ndipo mafundi tunapochanganya mwelekeo. Mwenye mali ndiye anayeamini, mwenye watu ndiye anayeaminiwa. Kwa hiyo ni domeni ya zamani iliyotakiwa kuiamini mpya, basi. Fundi akichoka kufikiri huchagua pande zote mbili, mambo yakaenda, naye akaenda zake kunywa kahawa. Hilo ndilo nisilolikubali. Mwizi akipata akaunti kwenye ile kuukuu, ambayo haijazibwa tundu tangu 2015, atabisha hodi kwenye mpya na atafunguliwa.

Hata upande mmoja una gharama. Server 2003 inajua SMB, njia ya kompyuta kupeana faili, toleo la kwanza tu, mlango uleule WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, iliopitia Mei 2017. Windows za karibuni haziliweki toleo hilo mpaka uliwashe mwenyewe. Ya zamani haiwezi kupanda, kwa hiyo mpya ndiyo inayoshuka. Mwenye ofisi haambiwi haya. Anaambiwa "imekubali".

Siku ile, kwanza, haikukubali. DNS, yaani daftari la majina ya kompyuta, ya huku iliyaona majina ya kule, ya kule ikayaona ya huku, na bado ikagoma. Nilihangaika toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Kumbe ni saa! Umeme ulikatika usiku, kile kibetri cha saa ndani ya mashine kilikwisha kufa zamani, na seva ikaamka ikidhani iko mwaka mwingine. Kerberos, utaratibu wa kuhakiki nani ni nani kwenye domeni, kwa kawaida haivumilii saa zipishane zaidi ya dakika 5. Kibetri cha bei ya vikombe vichache vya chai kilinila nusu siku.

Mwisho niliweka uhusiano wa upande mmoja, tena wa kuchagua: watu 5 wa uhasibu ndio wanaoruhusiwa kuifikia seva ile, waliobaki wanaishia dakani. Kisha nikaandika kwenye karatasi ya kazi tarehe ya kuuvunja, miezi 3 mbele, faili zikiwa zimehamia seva mpya. Nikiulizwa, uhusiano wa namna hii usiokuwa na tarehe ya kufa usianzishwe kabisa.

Mzee aliisoma karatasi mara mbili. "Na atakayezihamisha ni nani?"

"Mimi, mzee wangu."

"Kwa bei ileile?"

Mpaka leo tunavutana.