Mshahara haulipi jasho

Mfanyakazi anaamini bosi anazo fedha ila anabana tu. Bosi anaamini mfanyakazi akiongezwa leo, mwezi ujao atagonga tena mlango kuomba nyingine. Kila mmoja ana ushahidi wa kutosha kumfanya asibadili mawazo. Kwa maoni yangu wote wawili wamekosea mahali pamoja: wanauchukulia mshahara kama malipo ya jasho, kana kwamba kuna mizani inayopima bidii ya mtu na kutoa jibu kwa fedha. Mizani hiyo haipo. Mshahara ni bei, na bei hiyo hutokana na ugumu wa kumpata mwingine wa kazi hiyo hiyo, uwezo wa biashara, nguvu ya sheria na ya chama cha wafanyakazi, na zaidi ya yote, nani anajua nini siku ya kukaa mezani.

Tuanze na lile jepesi. Wapo wanaosita kupandishwa cheo kwa hofu kwamba nyongeza itawaingiza kwenye kiwango cha juu cha kodi na kuwaacha na kidogo kuliko mwanzo. Penye kodi ya mapato inayopanda kwa ngazi, hesabu haiendi hivyo. Tuseme mapato hadi 1,000 hutozwa asilimia 10, na kinachozidi hapo hutozwa asilimia 20. Mwenye 1,000 atalipa 100 na kubaki na 900. Akiongezwa hadi 1,100, ile 1,000 ya kwanza itaendelea kutozwa asilimia 10 kama zamani. Ni ile 100 mpya tu itakayokatwa asilimia 20. Atabaki na 980. Hata hivyo, anayeogopa si mjinga. Pale ambapo ruzuku au msaada wa serikali hukatwa ghafla mapato yakivuka kiwango fulani, nyongeza ndogo inaweza kweli kumwacha mtu pabaya kuliko alipokuwa. Ila hapo kinachomuumiza ni ukomo wa msaada, na kodi inasingiziwa.

Wafanyakazi nao huwa hawahesabu kitu kimoja: anachopokea mtu mkononi si gharama yake kwa mwajiri. Juu ya mshahara ghafi (ule wa kabla ya makato) mara nyingi kuna mchango wa mwajiri kwenye pensheni, bima, siku za likizo zinazolipwa, na muda wa kumfundisha mgeni kabla hajaanza kuzalisha chochote. Anayegawanya mauzo ya siku kwa idadi ya watu kazini na kuhitimisha kwamba anaibiwa amepiga nusu ya hesabu. Lakini waajiri wameitumia hoja hii hadi imechakaa. Bima ya matibabu ina thamani ya fedha. Fulana yenye nembo ya kampuni haina, na mafunzo ya kutumia mashine ya kampuni si zawadi kwa mfanyakazi.

Kisha kuna imani kwamba mwajiri anayelipa vizuri ana roho nzuri, na imani ya upande wa pili kwamba kulipa vizuri ni hasara tupu. Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, anazijibu zote mbili. Januari 1914 alitangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ujira uliokuwapo kiwandani kwake. Inasimuliwa kwamba alitaka wafanyakazi wake waweze kununua magari waliyoyaunda. Inapendeza, ila haiingii akilini: hakuna anayetajirika kwa kuwapa watu fedha ili sehemu yake irudi dukani kwake. Tatizo la Ford lilikuwa watu kuacha kazi. Mwaka 1913 kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000 ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000, maana kusimama kutwa kwenye mstari wa kuunganisha magari kulichosha mwili na akili. Baada ya tangazo lile, wanaoacha kazi walipungua sana. Wala zile dola 5 hazikuwa mshahara mtupu. Karibu nusu yake ilihesabiwa kama mgawo wa faida wenye masharti, na kampuni ilituma wakaguzi majumbani kuangalia kama mfanyakazi ni mlevi au anaishi kwa mpangilio. Ukarimu wa aina hiyo una bei yake.

Kuhusu bonasi sitakawia. Wanaosema fedha haimsukumi mtu wana kazi ya kueleza yaliyotokea Safelite, kampuni ya Marekani ya kubadilisha vioo vya magari. Ilipoacha kulipa kwa saa na kuanza kulipa kwa kila kioo, kazi ya fundi mmoja iliongezeka kwa takriban asilimia 44, kwa mujibu wa uchambuzi wa mchumi Edward Lazear uliotoka mwaka 2000. Malipo ya fundi yalipanda kwa kama asilimia 10 tu. Wanaosema fedha inatosha nao wana kazi ya kueleza benki ya Wells Fargo, iliyotozwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016 baada ya wafanyakazi waliobanwa na malengo ya mauzo kufungua akaunti kwa majina ya wateja bila ridhaa yao. Tofauti iko kwenye kinachopimwa. Kioo kilichowekwa vibaya huvuja na aliyekiweka anajulikana; akaunti hewa inahesabika sawasawa na akaunti halali hadi siku ya kufumaniwa.

Imani inayonisumbua zaidi ni ile inayosema mshahara ni siri, na kwamba siri hiyo inamlinda kila mtu. Lilly Ledbetter alikuwa msimamizi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Alabama. Mwishoni mwa 1997 alikuwa akilipwa dola 3,727 kwa mwezi. Mwanamume aliyelipwa kidogo kuliko wote katika nafasi kama yake alipata 4,286, na aliyelipwa zaidi 5,236. Alizijua tofauti hizo kwa kikaratasi kisicho na jina la mwandishi. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema amechelewa kulalamika. Amechelewa kulalamikia kitu alichofichwa! Bunge lilibidi litunge sheria mpya, iliyotiwa saini mwaka 2009.

Kwa hiyo tutoe yote hadharani? Hapa mimi mwenyewe nasita. Wachumi wanne, David Card akiwa mmoja wao, waliwaarifu baadhi ya wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California kwamba kuna tovuti inayoonyesha mshahara wa kila mmoja wao. Waliogundua wako chini ya wenzao waliipenda kazi kwa kiasi kidogo zaidi na wakafikiria zaidi kuhama. Waliogundua wako juu hawakupata furaha yoyote ya ziada. Denmark nayo ilizitaka kampuni za ukubwa fulani, kwa sheria ya 2006, zitoe takwimu za mishahara kwa jinsia. Pengo kati ya wanaume na wanawake lilipungua, lakini sehemu kubwa ya sababu ni kwamba mishahara ya wanaume ilipanda polepole kuliko awali. Mwanga ulileta usawa, haukuleta fedha mpya.

Ninaegemea njia ya katikati: kujulikana viwango vya kazi, si mshahara wa fulani bin fulani. Hasira ya anayejiona yuko chini haitoki kwenye takwimu yenyewe. Inatoka kwa kukosa maelezo ya kwa nini yuko hapo, na mwajiri asiye na maelezo ana sababu nzuri ya kupenda giza. Umoja wa Ulaya umefuata mkondo huo kwa agizo la mwaka 2023, linalowataka waajiri wamweleze mwombaji kazi mshahara wa kuanzia au kiwango chake, na linalowakataza kumuuliza alikuwa analipwa kiasi gani alikotoka. Katazo hilo la pili nalipenda zaidi, maana aliyepunjwa kazi ya kwanza hubeba punjo hilo hadi ya tatu kwa kujibu swali moja tu.

Ujanja hautakosekana. Mwajiri anayetangaza kwamba kazi inalipa kati ya 1,000 na 3,000 hajasema kitu, na mwombaji ana haki ya kuuliza wengi wa waliopo wako wapi kati ya tarakimu hizo mbili.