Asilimia moja iliyohama

Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Wananchi wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha kodi ilishuka hadi asilimia 0.5, tena kwa anayetoa pesa tu. Mwandishi wa programu aliyekuwa ameitawanya hiyo 1 kila mahali kwenye programu yake alikesha akiisaka. Aliyeiweka mahali pamoja alibadilisha tarakimu akaenda kulala. Mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alishalieleza hilo mwaka 1972: kila uamuzi unaoelekea kubadilika ufungie chumba chake.

Sawa, lakini utajuaje kipi kitabadilika?

Wapo wanaotaka mahitaji yote ya programu yaandikwe na kutiwa saini kwanza. Vijana wa Kampala huwacheka, nami sioni cha kucheka. Chama cha akiba na mikopo cha waendesha bodaboda hukiambii "bei tutaijua mbele ya safari". Wanachama watamsulubu mwenyekiti kwenye mkutano mkuu.

Wengine wanafuata njia iitwayo Agile, iliyopata tamko lake mwaka 2001, waandishi wa programu 17 walipokutana Snowbird, Utah, Marekani: jenga kidogo, onyesha, rekebisha. Hoja yao niliielewa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tulipokijengea chama cha mikopo cha wakulima programu yake. Hati yetu, yenye saini zote, ilisema mkopo hulipwa kila mwezi. Tulipoonyesha skrini ya kwanza, mhazini alinyamaza, kisha akafungua daftari lake. Ukurasa mzima ulikuwa na majina yenye alama ya wino mwekundu, bila malipo hata ya mwezi mmoja. "Hawa si wadaiwa sugu, wanangu. Hawa hulipa tumbaku ikinunuliwa." Hakuna aliyetuficha. Kwao lilikuwa jambo la kawaida mno hata kutajwa.

Kwa hiyo naegemea upande wa pili, ingawa umegeuka kichaka cha wavivu: mtu hajauliza chochote, anasema atarekebisha baadaye. Kuna visivyorekebishika kirahisi. Ukikosea namna ya kumtambua mwanachama au kuandika kila shilingi inayoingia, halafu kumbukumbu za miaka miwili zikajaa humo, kuhamisha ni kazi kuliko kujenga.

Arua tuligawanya. Leja, yaani daftari la kila shilingi inayoingia na kutoka, tuliichora kwenye karatasi wiki mbili, tukibishana na mhazini mstari kwa mstari, kabla ya kugusa kompyuta. Ratiba ya marejesho tulimwachia aipange mwenyewe. Ameshaibadilisha mara tatu, na hajatupigia simu.