Mgeni aje, wiliwili upone

Wanaopinga kumleta mdudu amle mdudu mwenzake wana hoja, na Hawaii ushahidi upo mlangoni. Mwaka 1883 wenye mashamba ya miwa walileta nguchiro wale panya. Nguchiro wakahamia kwenye mayai ya ndege. Mwaka 1955 akaletwa konokono mla konokono amkabili yule mkubwa wa Afrika Mashariki, akaishia kuwafyeka wa asili ya visiwa hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ila nyigu anayeushambulia wiliwili, mti wa asili wa Hawaii, ni habari nyingine. Quadrastichus erythrinae, urefu wake milimita moja na nusu hivi, alionekana kisiwani Oahu, Hawaii, Aprili 2005. Jike hutaga ndani ya jani changa. Jani hujikunja, kikonyo hufura vinundu. Pasua kimoja kwa wembe, utaona vyumba vidogo, kila kimoja na buu wake mweupe. Mti ukishambuliwa mfululizo hupukutika majani mpaka ukauke. Jiji la Honolulu pekee lililazimika kuondoa miti zaidi ya 1,000 ya jamii hiyo, kwa zaidi ya dola milioni moja. Fedha hizo, tafadhali, hazikuponya mti hata mmoja. Zilikuwa za kukatia na kuzolea maiti. Dawa ya kudunga shinani ipo, na husaidia mti wa bustanini, lakini nani atazunguka na sindano msitu mzima wa wiliwili?

Huku kwetu mwamba ngoma, ndugu wa wiliwili, huishi na nyigu huyohuyo bila kuangamia. Watafiti walimfuata hadi Tanzania, wakamkuta adui yake, nyigu mwingine: Eurytoma erythrinae. Buu wa adui huyo humla mwenye chumba, kisha hutoboa ukuta aingie kwa jirani. Alichunguzwa kwanza karantini, akaachiwa Hawaii Novemba 2008, na majani ya wiliwili yakarudi.

Nguchiro hakupimwa na yeyote, na hula chochote kinachopita mbele yake. Kumweka kapu moja na nyigu huyu mla nyigu ni kumwonea nyigu.

Maua na mbegu bado havijapata nafuu kama majani, ndiyo maana nyigu wa pili kutoka Afrika, Aprostocetus nitens, amekuwa akijadiliwa. Naye ningemuuliza swali ambalo nguchiro hakuulizwa: siku vinundu vikiisha, utakula nini?