Sindano ya taya: inapunguza nguvu, haiondoi tabia

Ukitaja sindano ya Botox, dawa inayolegeza misuli, Dar es Salaam, wengi wanawaza kliniki za Masaki, paji la uso lisilokunjika na watu wenye pesa za kuchezea. Ndiyo maana mtu akisimulia kuwa daktari wa meno amemshauri achomwe sindano hiyo kwenye misuli ya taya kwa sababu anabana meno usiku, kwanza anachekwa, kisha anaonywa: hiyo si ni sumu? Wapo pia madaktari wanaoipinga, na hoja zao zina uzito kuliko za barazani. Hata hivyo naona sindano hii imehukumiwa kwa jina lake kabla ya kazi yake kutazamwa.

Sumu ni sumu kweli. Inatengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule anayeua watu waliokula chakula cha kopo kilichoharibika. Lakini dozi inayotajwa kuweza kumuua mtu mzima ni karibu uniti 3,000, wakati msuli mmoja wa kutafunia huchomwa uniti 20 hadi 50 hivi. Na urembo ulikuja baadaye. Marekani ilipoidhinisha dawa hii mwaka 1989, ilikuwa kwa ajili ya makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Mikunjo ya katikati ya nyusi ikafuata 2002, kipandauso sugu 2010. Maumivu ya taya hayamo kwenye orodha hiyo hadi leo. Daktari anayeitumia kwa kazi hii anaitumia nje ya idhini, na anapaswa kumwambia mgonjwa hivyo waziwazi.

Sasa tumtazame mgonjwa. Anaamka taya limekaza, panja zinagonga, sikio linauma. Akiwa mtoto, alipokuwa akisaga meno usingizini, nyumbani walisema ni minyoo na akanyweshwa dawa. Ukubwani anapewa matone ya sikio, kisha dawa za maumivu, kisha anakalia kiti cha kung'olea meno. Hapo ndipo panaponisumbua. Msuli mkubwa wa kutafunia ukichoka, maumivu yake yana kawaida ya kujidhihirisha kwenye magego na sikioni, hivyo mtu anaonyesha kidole kwenye jino ambalo halina kosa lolote. Gego zima linang'olewa. Wiki mbili baadaye maumivu yapo pale pale, na sasa ni zamu ya jino la jirani. Sindano ikikosea, kosa lake linaisha baada ya miezi mitatu au minne. Gego likishang'oka limeng'oka. Watu wanaoiogopa sindano kuliko koleo wamepima hatari kwa mizani ya ajabu, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kama koleo lina idhini ya kutibu msuli.

Hoja kubwa ya wapinzani ni kwamba sindano haitibu chanzo. Wana haki. Kusaga meno usingizini kunaanzia kwenye ubongo, katika vile vipindi vifupi ambapo usingizi unapungua kina na moyo unaongeza kasi. Dawa inaishia kwenye makutano ya neva na msuli: inazuia neva kumwaga kemikali inayouamrisha msuli ukaze. Waliopimwa wakiwa wamelala baada ya kuchomwa walionekana wakisaga karibu mara zile zile. Kilichopungua ni nguvu. Mpiga ngoma ni yule yule na mapigo ni yale yale, ila mkono umelegea.

Wapinzani husimama hapo na kusema: mnaona? Mimi naona kinyume. Kinachopasua jino, kinachovunja kazi aliyoifanya daktari kwenye meno na kumwamsha mtu na maumivu ni nguvu. Imewahi kupimwa watu wakibana meno usingizini kwa nguvu inayofikia au hata kupita ile wanayoweza kuitoa kwa makusudi wakiwa macho. Kuipunguza hiyo si jambo dogo. Tena kinga ya plastiki inayovaliwa usiku, ambayo hakuna anayeicheka, nayo haitibu chanzo. Inalinda meno, na msuli unaendelea na kazi yake juu ya plastiki.

Kuna karata moja ambayo siwezi kuificha. Mwaka 2023 jarida la BMJ lilichapisha mwongozo wa jopo la kimataifa kuhusu maumivu sugu ya taya, na jopo likashauri, kwa kauli isiyo kali, sindano hii isitumike. Anayeutaja mwongozo huo amalizie kuusoma: kinga ya plastiki nayo iliwekwa katika kundi hilo hilo. Yaliyopewa nafasi ya mbele ni tiba ya mazungumzo na mazoezi ya taya yanayosimamiwa na mtaalamu. Mwongozo ule ulihusu maumivu, haukuhusu kulinda meno ya mtu anayeyasaga. Na tiba ya mazungumzo kwa mtu wa Mbagala anayetoka nyumbani alfajiri kuwahi daladala, ataipata wapi na saa ngapi? Mazoezi, sawa, hayo yanawezekana. Hata kujikumbusha tu, ukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, kwamba midomo ifungwe lakini meno ya juu na chini yasigusane, kunasaidia wanaobana mchana.

Madhara yapo. Kutafuna kunalegea, na kwa wiki kadhaa miwa na mishikaki migumu utaiangalia tu. Dawa ikisambaa kwenye misuli ya jirani, tabasamu linakwenda upande. Uso unaweza kupungua upana, jambo ambalo wengine wanalitafuta na wengine hawalitaki. Zito zaidi ni la mfupa: kwa sungura, msuli ulipolegezwa, mfupa wa taya ulipungua. Kwa binadamu tafiti hazijakubaliana, nami kwa sababu hiyo peke yake nisingemshauri mtu achomwe miaka nenda miaka rudi bila kupumzika.

Hapa Dar kuna na la kwetu. Kichupa cha Botox kinatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na jiji linajua mgao wa umeme ni nini. Uniti za Botox si sawa na uniti za Dysport, dawa ya aina hiyo hiyo yenye jina jingine la biashara, kwa hiyo bei nafuu kwa kila uniti inaweza isiwe nafuu kabisa. Bandia nazo zipo: mwaka 2024 Marekani yenyewe ilitangaza watu waliolazwa baada ya kuchomwa Botox ya bandia. Uliza kama kichupa kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, na kifunguliwe ukiona. Saluni si mahali pake, hata kama anayechoma amevaa koti jeupe.

Ningemweka nani kwenye foleni ya sindano? Si anayekoroma na kukatika pumzi usiku, huyo apimwe usingizi kwanza. Si aliyeanza kusaga baada ya kuanza dawa za sonona kama fluoksetini, huyo arudi kwa daktari aliyemwandikia. Mjamzito asiguswe, wala mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka upesi. Anabaki yule mwenye msuli mnene unaouma ukibonyezwa, aliyefanya mazoezi na kuvaa kinga bila nafuu, na anayeweza kulipia tena dawa itakapoisha nguvu. Huyo achomwe mara moja, kisha asubiri. Dawa hufikia kilele ndani ya mwezi wa kwanza. Wiki sita zikipita na taya bado linauma vile vile, chanzo pengine ni kiungo chenyewe au jino, na ya pili asilipie.